Mwanya wa Milimita Moja

Ndani ya kila spika kuna mwanya wa mviringo usioonekana mpaka karatasi yake ibanduliwe. Kwa ndani umezunguka nguzo ya chuma, kwa nje umezungukwa na bamba la chuma, na katika upana huo wa milimita moja na ushei ndimo nguvu ya sumaku ilimobanwa. Humo inaning'inia koili ya waya wa shaba. Wimbo ukilia, koili inapanda na kushuka mara makumi, mara mamia kwa sekunde, nayo haitakiwi kugusa kokote. Ikigusa, spika inakwaruza. Ikikwama, inaungua. Anayefufua spika iliyoungua ana kazi moja kubwa: kusuka koili mpya na kuiweka katikati kabisa ya mwanya huo, ibaki hapo kwa miaka.

Kazi hiyo nimeitazama Morogoro mjini, kwenye uga wa nyumba moja ya Mwembesongo. Anayeifanya ni mzee mstaafu asiye na duka wala kibao barabarani. Asubuhi yuko shambani kwake upande wa Bigwa. Alasiri anaoga, anakunywa chai, kisha anakaa kwenye meza yake chini ya bati, uso ukielekea milima ya Uluguru. Siku isiyo na mawingu, hapo alipokaa anaiona minara ya mawasiliano iliyosimama juu ya kilele cha Bondwa. Spika nyingine analetewa na majirani na marafiki wa majirani; nyingine anazinunua mwenyewe kwa watu wa vyuma chakavu, kwa sababu tu hapendi kuziona zikipimwa kwa kilo. Hakutaka jina lake liandikwe. "Andika kazi, mwanangu," aliniambia. "Jina langu liache."

Zinazomfikia zaidi ni spika za sabufa za majumbani. Zinafuata zile kubwa za kwaya na za washereheshaji wa harusi, na mara mojamoja kitengo cha pembe ya msikiti. Wenyewe wanapoleta husema kitu kilekile, kwamba spika ilipewa umeme mwingi ikashindwa. Mzee anawasikiliza kwa adabu, halafu anauliza amplifaya ilikuwa na ukubwa gani. Mara nyingi kisa ni amplifaya ndogo iliyokamuliwa mpaka mwisho. Ikifika kikomo chake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, koili ikapokea nguvu mfululizo bila nafasi ya kupumua, na joto likapanda. Joto ndilo adui. Katika spika ya kawaida ya nyumbani, kati ya kila wati 100 zinazoingia, takriban wati moja tu ndiyo inayotoka ikiwa sauti. Zilizobaki karibu zote zinakuwa joto ndani ya ule waya mwembamba, na usiku wa harusi ni mrefu.

Spika niliyoiona ikishughulikiwa mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya sabufa, ya ohmu 4, yenye koili ya kipenyo cha milimita 25. Kabla ya kushika chombo chochote, mzee aliipeleka puani. Vanishi ya waya ikiungua huacha harufu kali isiyotoka upesi, na spika hii ilikuwa nayo. Kisha akaigeuza, akaweka vidole vitatu kuizunguka kofia ya katikati, akaisukuma karatasi chini polepole, sikio likiwa karibu. Ilishuka kwa kusitasita, ikatoa mlio wa kukwaruza. Ndipo akachukua mita. Spika ya ohmu 4 ikipimwa hivyo husoma ohmu 3 na nukta kadhaa. Hii haikusoma kitu. Waya umekatika mahali fulani ndani, na kwa mkwaruzo ule, umevimba pia. Alisema "koili" mara moja, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi: tarehe, ohmu, kipenyo, mwenye mali.

Kufungua kunaanza na wembe. Kofia ya katikati imebandikwa kwa gundi, na mzee anaikata kwenye ukingo wake kwa wembe mpya alioushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akizungusha spika kwa mkono wa kushoto badala ya kuzungusha wembe. Kwa njia hiyo pembe ya ukataji haibadiliki. Kofia ikatoka nzima, akaiweka kwenye kisahani. Akalehemua nyaya mbili nyumbufu zinazotoka kwenye karatasi kwenda kwenye sehemu za kuungia nyaya, akazikunjia pembeni. Sasa zilibaki gundi mbili za kuachanisha: ile inayoshika ukingo wa raba kwenye fremu, na ile inayoshika spaida, kitambaa kile cha rangi ya manjano chenye mikunjo kinachoibeba koili kwa chini.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanavuta. Karatasi inachanika, spaida inapoteza umbo, na spika iliyohitaji koili tu inageuka kuhitaji kila kitu. Mzee anachovya brashi ya rangi, ile nyembamba ya watoto wa shule, kwenye thina, anapitisha tone kwenye mstari wa gundi, anazunguka duara zima, halafu anaacha. Anapitisha tena. Anaacha tena. Katikati anafanya mambo mengine: anachonga penseli, anafuta kalipa kwa kitambaa, anamuitikia mjukuu. Baada ya muda anaingiza ncha ya kisu butu cha mezani chini ya ukingo, anaisikiliza kama inakubali. Ilipokubali, raba ilinyanyuka yote bila kipande kubaki. Spaida ikafuata. Akanyanyua karatasi, na koili ikatoka nayo: nyeusi upande mmoja, waya umelegea na kujikunja nje ya mrija wake.

Ule mwanya sasa uko wazi, na ni mchafu. Ndani yake kuna unga wa vanishi iliyoungua, nyuzi za shaba, na vumbi la chuma ambalo sumaku imekuwa ikilivuta tangu siku spika ilipotoka kiwandani. Kupuliza hakusaidii, maana sumaku haiachii chuma kwa pumzi. Mzee anakata kipande cha tepu ya wachora magari, anakikunja gundi ikae nje pande zote mbili, anakizamisha kwenye mwanya kwa ubapa wa rula nyembamba, anakitembeza robo duara, anakitoa. Kinatoka kimejaa nywele nyeusi za chuma. Anakata kingine. Anaendelea hivyo mpaka tepu itoke safi, kisha anafanya raundi moja zaidi. Nilimuuliza kwa nini, ilhali ya mwisho ilikuwa safi. Akanionyesha punje moja kwenye ncha ya tepu ya raundi hiyo ya ziada, ndogo kuliko nukta ya kalamu. "Hii peke yake ingekwaruza," alisema. Akaziba mwanya kwa tepu juu, usiingie kitu tena, akaiweka spika mbali na sehemu anayokatia nyaya.

Kazi ya kalipa ndiyo inayofuata. Anapima mrija wa koili iliyoungua kwa ndani, kwa nje, urefu wake wote, na urefu wa sehemu iliyozungushiwa waya. Anapima unene wa waya wenyewe mahali pasipoungua: milimita 0.2. Anahesabu mizunguko kwa ncha ya sindano. Kila namba inaandikwa kwenye boksi lile. Kukosea hapa kwa sehemu ya kumi ya milimita ni kupoteza jioni nzima, kwa hiyo kila kipimo anakirudia baada ya kugeuza koili robo duara, kuona kama bado ni duara la kweli.

Kifaa anachosukia koili alikichonga mwenyewe kwa mabaki ya mpingo aliyopewa na mchonga vinyago. Kwa nini mpingo? Kwa sababu ni mzito na mgumu, hauli unyevu kwa urahisi, na ukishachongwa duara unabaki duara. Ni sifa hizohizo zinazowafanya watengenezaji wa klarineti na obo huko Ulaya kuutafuta mti huu mpaka leo, na sehemu kubwa ya mpingo wao hutoka misitu ya Tanzania na Msumbiji. Kigogo cha mzee kina urefu wa kiganja. Amekipasua katikati kwa urefu, na kwenye mpasuko ameingiza kabari nyembamba. Kabari ikiwa ndani, kigogo kina kipenyo kamili. Ikichomolewa, vipande viwili vinasogeleana kidogo, na koili iliyokauka juu yake inateleza kutoka bila kulazimishwa. Nilikiomba nikishike. Ni chombo kilichofikiriwa mpaka mwisho, na alikitengeneza bila kuona cha mtu mwingine.

Anazungushia kigogo karatasi laini iliyopakwa nta, isigande, kisha juu yake mrija mpya wa karatasi ngumu ya kahawia. Anachora kwa penseli mistari miwili: waya uanzie hapa, uishie hapa. Anafunga ncha ya waya kwa tepu, anaukalisha mzunguko wa kwanza kwenye mstari, na anaanza.

Waya unapita kati ya vidole viwili vya mkono wa kushoto alivyovivisha kitambaa chenye gundi nyepesi ya epoksi. Mkono wa kulia unazungusha kigogo. Mvuto wa waya ni ule wa vidole tu, na lazima uwe uleule toka mwanzo hadi mwisho. Ukikaza mno, waya unarefuka na kuwa mwembamba, na koili inabana kigogo isitoke. Ukilegeza, mzunguko mmoja unapanda juu ya mwenzake na unene unazidi. Kila mzunguko unalala ubavuni mwa uliotangulia, hakuna mwanga kati yao. Akifika mstari wa pili, mizunguko 39, anasimama, anabana waya kwa kucha, anapitisha pumzi. Halafu anageuza na kurudi, safu ya pili juu ya ya kwanza, kila waya ukikaa kwenye bonde lililoachwa na nyaya mbili za chini yake. Lazima safu ziwe mbili, kwa sababu ncha zote mbili za waya zinatakiwa kutokea upande mmoja, juu, kwenye karatasi. Ukisuka safu moja au tatu, ncha moja inabaki chini na haina pa kupita ila ndani ya mwanya ule usio na nafasi.

Wakati wa kusuka hasemi. Nilimwona mtoto akija kuuliza kitu, akasimama pembeni, akasubiri, akijua mwenyewe kwamba hapaulizwi swali sasa. Mizunguko 78, zaidi kidogo ya mita 6 za waya. Ilipokamilika, shaba ilikaa kama ukili uliosukwa na mkono mmoja, rangi moja, bila wimbi wala pengo. Aliigeuza kwenye mwanga, akaona kitu ambacho mimi sikukiona, akasogeza mzunguko mmoja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kisha akaiweka, kigogo na vyote, ndani ya kopo la maziwa lenye balbu ya zamani ya wati 60, akawasha, akafunika nusu. Joto la balbu linakausha epoksi taratibu. Hakuna haraka ya jiko hapa. Moto mkali ungeleta mapovu.

Koili ilipopoa alichomoa kabari. Ikateleza kutoka. Akaipima: ohmu 3.4. Akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Umbo la spika tunazotumia, koili inayosukuma karatasi mbele ya sumaku, lilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani. Miaka 100 imepita, redio zimekuja na kuondoka, na umbo hilo halijaachwa. Ndiyo maana ujuzi wa mzee hauchakai. Spika ya mwaka 1970 na ya mwaka huu zinafunguka kwa njia ileile, na kigogo kile cha mpingo kinaweza kuzitumikia zote, kwa kuongeza au kupunguza karatasi tu.

Hata zile ndogo zinazoingia sikioni, nyingi zina umbo hilohilo. Kijana mmoja wa kwaya, anayesimamia mitambo kanisani kwao, huwa anapita jioni kwa mzee, na siku moja alileta spika za masikioni ambazo waimbaji huvaa jukwaani ili kila mmoja asikie sauti yake bila kuzidiwa na kelele za jukwaa. Aina inayotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja ilipata umaarufu baada ya mwaka 1995, Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alipomtengenezea mpiga ngoma wake, Alex Van Halen. Leo wapo watu sehemu mbalimbali za dunia wanaozitengeneza nyumbani kwa kupenda tu: wanamimina silikoni laini sikioni kupata umbo, wanatengeneza ganda la resini, wanapanga ndani yake vitengo vya sauti vidogo kuliko punje ya mhindi. Za huyu kijana zilikuwa za kawaida za dukani, na moja ilikuwa imekufa. Mzee aliifungua chini ya kioo cha kukuzia. Ndani kulikuwa na kila alichokizoea: sumaku, mwanya, koili, na utando mwembamba mahali pa karatasi. Waya wa koili ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Aliutazama kwa muda mrefu, akasema kwamba aliyesuka hiyo, awe mtu au mashine, amefanya kazi safi. Kosa lenyewe lilikuwa nje, waya uliokatika kwenye shingo ya plagi, akaulehemu.

Turudi kwenye sabufa. Kazi ya kuweka koili katikati inafanywa kwa filamu za zamani za eksirei. Filamu hiyo ina unene wa karibu milimita 0.2, haivimbi, haichaniki, na ina utelezi. Mzee anaikata vipande vyembamba na kuvizungusha ndani ya mrija wa koili, kati yake na nguzo ya chuma. Vipande vikijaa sawasawa pande zote, koili haina pa kwenda ila katikati. Kwenye kipande kimoja alichokishika dhidi ya mwanga niliona kivuli cheupe cha mbavu za mtu. Filamu hizi zinaadimika siku hizi, hospitali zimehamia kwenye picha za kompyuta, naye anazitunza ndani ya bahasha kubwa na kuzitumia tena na tena.

Kukaa katikati kwa ubavu ni nusu ya kazi. Koili lazima pia ikae katikati kwa kimo. Sehemu yenye waya ina urefu wa milimita 8 na nusu hivi, bamba la chuma lina unene wa milimita 5. Kinachozidi kigawanywe sawa, juu na chini. Ikikaa juu mno, spika itatoa sauti pungufu na besi itapasuka mapema. Mzee anasoma kimo hicho kwa mstari wa penseli aliouchora kwenye mrija na kwa kipande cha rula alichokikata mwenyewe. Anasogeza kwa kucha. Anapima pande nne. Anasogeza tena, kiasi ambacho jicho langu halikuona mwendo wowote.

Sasa gundi, na hapa anaonekana kijana aliyekuwa zamani. Miaka ya 1980 alifanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Morogoro, kile kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matumaini ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Mashine zake zilizimwa zamani. Yeye alitoka na elimu ya gundi, na ukimwona anavyoipaka unaelewa kwamba elimu hiyo haikupotea. Gundi ya raba haibandikwi ikiwa mbichi. Unapaka upande huu, unapaka na upande ule, utando mwembamba ulio sawa, kisha unaacha hewani mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isishike. Hapo ndipo pande mbili zinakutanishwa, na zikikutana zimeshikana papo hapo, hakuna kusahihisha. Kwa hiyo alikutanisha ukingo wa raba na fremu sehemu moja, akaruka upande wa pili, kisha kushoto, kisha kulia, akivuka duara mara kwa mara ili mvuto usielemee upande mmoja, na mwishowe akabana ukingo wote kwa vibanio vya nguo, kimoja baada ya kingine, mpaka spika ikavaa duara la mbao.

Spaida na shingo ya karatasi vinapata gundi nyingine, epoksi, kwa sababu hapo pana joto na pana msukumo. Anaiweka kwa ncha ya bomba la sindano la hospitali lisilo na sindano, uzi mwembamba wa gundi kuzunguka mrija, na anaufuata kwa kijiti cha meno kuhakikisha umeingia kila mahali. Gundi ikizidi ni uzito, na uzito unaua sauti. Ikipungua, karatasi itaachana na koili siku ya kwanza ya muziki mkubwa. Kiasi sahihi hakijaandikwa popote. Kiko mkononi.

Kisha spika inawekwa juu ya kabati, na haiguswi.

Mwenye mali akija kesho yake ataambiwa bado. Wakati wa masika, mawingu yanaposhuka Uluguru na kulala juu ya mji, hewa inajaa maji, karatasi za spika zinalegea, na gundi inachukua muda mrefu zaidi; mzee anaongeza siku nzima bila kusita. Nimemsikia akimkatalia mtu aliyekuja na pesa ya ziada mkononi kwa sababu ana sherehe jioni. Alimwazima spika yake mwenyewe. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo gumu kuliko yote katika ufundi huu. Kusuka waya kunafundishika. Kuacha kitu kilichokamilika kwa macho kikae bila kuguswa, huku mteja amesimama mlangoni, ni tabia ambayo wengi wenye mikono mizuri hawana.

Vipande vya filamu ya eksirei vilipochomolewa, kimoja kimoja, koili ilibaki inaning'inia peke yake. Mzee aliweka tena vidole vitatu, akasukuma. Karatasi ilishuka na kupanda kimya. Akainamisha sikio mpaka likagusana na fremu, akasukuma tena, upande huu, upande ule. Hakuna mkwaruzo. Akalehemu nyaya nyumbufu, akiziachia mkunjo wa kutosha zisije zikapigana na karatasi. Akagusisha betri ya redio, ya volti 1.5: karatasi ikaruka mbele, kama inavyotakiwa chanya ikiwa kwenye chanya. Akaiunga kwenye amplifaya, akacheza mlio mmoja wa chini sana kutoka kwenye simu, mlio unaoonekana kuliko unavyosikika, karatasi ikitembea mbele na nyuma. Mkwaruzo mdogo uliojificha hujitoa hapo. Haukuwepo. Ndipo akabandika kofia.

Jaribio la mwisho ni muziki, na Morogoro jaribio hilo lina historia. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa hapa mwaka 1944. Salum Abdallah aliiongoza Cuban Marimba kutoka mji huuhuu mpaka alipofariki mwaka 1965. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe aliipeleka sauti ya Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani, akajitenga mwaka 1973 kuunda Super Volcano, na akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Anapenda kupima spika kwa gitaa la Mbaraka, na ana sababu ya kifundi: noti zake zimetengana, kila moja inaanza na kuisha mahali pake, na chini yake gitaa la besi linatembea bila kujificha. Spika yenye kasoro haina pa kuificha kasoro hiyo katika muziki wa namna ile. Aliweka sauti ya wastani, akakaa pembeni ya spika badala ya mbele yake, akasikiliza nyimbo mbili nzima. Hakuongeza sauti kujionyesha. Mwishoni alizima, akagusa sumaku kwa kiganja kuona joto, akafuta kwenye kipande kile cha boksi jina la mwenye mali.

Malipo anayodai ni gharama ya waya na gundi na kitu kidogo juu yake, chini sana ya bei ya spika mpya, na ukiitazama spika yenyewe unaona kwamba koili aliyoisuka ni safi kuliko ile iliyoungua. Nasema hivyo baada ya kuziona zote mbili zikiwa zimelazwa kwenye kisahani kimoja.

Mafundi wa namna hii wamo katika miji yetu mingi, baadhi wakiwa na vibanda, baadhi nyumbani kama huyu. Ukiwa na spika iliyokufa usiiuze kwa kilo. Mpelekee fundi, mwambie ukweli kuhusu amplifaya unayoitumia, muulize maswali kama ana nafasi, na ukiwa na kijana anayependa vitu vya umeme, mpeleke akakae pembeni atazame. Ukiambiwa urudi keshokutwa, rudi keshokutwa.